Ndege wa Mia Tano

Shemeji yangu alijikuna shingo, na mimi nikamtangazia mzee wa watu ndege ambaye hakuwepo. Nalisema hili mapema usije ukadhani nataka kujisifu.

Kazi yangu ni kuongoza watazama ndege. Watu wanakuja na kofia pana na viatu vipya vinavyowabana, tunakaa nao siku nne, mbili kwenye kinamasi na mbili vilimani, na mimi nawaonyesha ndege. Ofisini wananiita Darubini. Jina hilo nimelipata kihalali, maana mwewe akiwa nukta tu angani mimi nakwambia ni mwewe gani na kama ameshakula au bado. Miaka ishirini na miwili nimeishi kwa macho haya, na kwa masikio.

Sasa masikio ndiyo yaliyonisaliti. Si kwamba sisikii. Ukininong'oneza umbea nitausikia wote na wa ziada. Ila zile sauti za juu, nyembamba, za ndege wadogo, zimekwenda. Daktari wa masikio alinifungia kwenye kichumba chenye kuta za sponji, akanivalisha vidude masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Milio mizito niliibonyezea, kisha nikakaa na kidole juu ya kitufe nikisubiri ile ya juu ianze. Baadaye akafungua mlango akasema tumemaliza.

Niliumia, sikufichi. Nilikaa kwenye benchi la nje la ile kliniki kama mtu aliyeibiwa na hajui aanzie wapi kuripoti.

Bosi hakujua habari hiyo. Alichojua ni kwamba mgeni mmoja wa safari iliyopita aliandika kwenye fomu: "Mwongozaji alikuwa akitueleza habari za mti wakati ndege tuliyemfuata anaimba juu ya vichwa vyetu." Bosi akaniita, akanionyesha kiti cha mapokezi, kile cha kuzunguka chenye mto mwekundu. "Darubini," akasema, "likija lalamiko lingine, kiti hiki ni chako." Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi. Mimi nikae hapo nipokee simu, niwaambie watu tafadhali subiri kidogo? Ningeota mizizi.

Basi mpango tuliupanga jikoni kwa mdogo wangu. Mumewe ndiye shemeji ninayemsema, dereva wa kampuni, miaka kumi na miwili ananiendesha. Huyo bwana ana masikio ya ajabu. Anasikia tairi linalofikiria kupasuka. Na ndege wote niliomfundisha njiani, kwa kuzugana tu tusisinzie, anawajua kwa sauti kama anavyowajua wanawe. Lakini sheria ya kampuni haina mjadala: dereva ni dereva, anabeba viti na chupa ya chai, haongozi wageni. Kwa hiyo tukakubaliana ishara. Akigusa kofia, ndege aitwaye chozi anaimba. Akivuta sikio, ni Sindano, kale kandege ka vilimani tunakokaita hivyo kwa wembamba wa sauti yake. Akijikuna shingo, ni Mtoro, ndege wa kinamasi ambaye haonekani kamwe, anaishi ndani ya matete na unamjua kwa mlio tu.

Mdogo wangu alikuwa anamenya vitunguu. "Nyie mtaaibika," akasema. Tukamwambia hajui mambo ya kazi.

Wageni wenyewe walikuwa wawili tu, mzee na mkewe. Mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alistaafu kwenye karatasi tu. Akisimama ukingoni mwa maji, hata bata walionekana kunyoosha mistari. Mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu nyekundu na rula fupi, na kwapani daftari lenye jalada gumu ambamo ameandika kila ndege aliyemwona au kumsikia kwa miaka thelathini na minne. Walikuwa mia nne tisini na tisa.

"Nimekuja kumfuata wa mia tano," aliniambia tukiwa bado tunashusha mizigo. "Magoti yameshanipa notisi. Safari nyingine haipo."

Mkewe alikuja na mfuko wa nyuzi na sindano mbili za kufumia. "Mimi msindikizaji tu, mwanangu," akasema, na kweli, kila tuliposimama alifungua kiti chake cha turubai akaendelea na sweta la kijani la mjukuu. Mzee alimwita Mama. Nami nikamwita mama.

Kuna jambo moja la watu wa ndege ambalo lazima ulijue. Kila jioni, kabla ya chakula, tunaita orodha. Mwongozaji anasoma ndege mmoja mmoja wa siku hiyo, na kila mtu anajibu: nimeona, nimesikia, au nimekosa. Hakuna nadhani, hakuna labda. Hakuna anayekagua pia. Nimewahi kuongoza watu waliodanganya umri, cheo, hata mke, lakini mezani pa orodha wote husema kweli, maana ukiongopa hapo basi ulikuja kutembeza kofia. Mimi mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kusema nimesikia bila kusikia.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda kama maji. Tulitembea kwenye njia ya mbao iliyopita juu ya kinamasi, mimi mbele, mzee nyuma yangu, mama na kiti chake, na shemeji mwisho na chupa ya chai. Yangeyange, korongo, mdiria, hao niliwaona mwenyewe. Shemeji alipogusa kofia mimi nikasema, "Msikilizeni chozi, upande wa kushoto." Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Nikajiona mjanja kweli. Tatizo lilikuwa moja, kwamba ndege wote hao mzee alikuwa nao tayari.

Siku ya pili asubuhi tulikuwa tumesimama pale matete yanapobana, mahali pa Mtoro. Nikageuka kidogo, na kona ya jicho ikamwona shemeji anajikuna shingo. Alijikuna haswa.

Nikanyanyua kidole. "Mtoro," nikasema kwa sauti ya chini. "Kulia, nyuma ya yale matete yaliyolala. Mmesikia?"

Mzee akafumba macho, akainamisha kichwa. Tukasubiri. Kisha uso wake ukafunguka. "Nimesikia," akasema. "Mara mbili. Safi kabisa."

Mama aliacha kufuma. Akanitazama mimi, akamtazama shemeji, akamtazama mumewe, kisha akarudi kwenye sweta lake. Mzee alikuwa ameshanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Mia tano, alikuwa anasema, mia tano, binti yangu.

Tulipofika kwenye gari shemeji akanivuta nyuma ya buti. Uso umemshuka.

"Shemeji," akasema, "ule ulikuwa mbu."

"Mbu gani?"

"Mbu. Kaniuma hapa." Akanionyesha shingo. Palikuwa na uvimbe wa haja.

Jamani. Ishara tulizipanga jikoni, mjini, dirisha lina wavu. Ni nani angekumbuka kwamba kwenye kinamasi kuna mbu? Watu wawili wazima, kila mwezi tuko kwenye kinamasi hicho hicho, tukachagua kujikuna shingo. Kwanza nikataka kucheka, kisha nikaukumbuka uso wa mzee. Kama hakukuwa na ndege, mzee alisikia nini? Tena mara mbili?

Hapo ndipo nilipojua. Hasikii naye. Nikakumbuka jana yake: kila shemeji aliponipa ishara ya mlio mwembamba, mama alikuwa anaangusha kibonge cha uzi karibu na kiatu cha mumewe, na mzee akikiokota anasema, "Ah, huyo." Nilidhani mama ana mikono mibovu. Na leo kibonge hakikuanguka, lakini mwongozaji alinyanyua kidole, na mzee akauamini ule mkono wangu.

Jioni tulikaa kwenye chumba cha chakula cha nyumba ya wageni, kwenye ile meza ya pembeni yenye kitambaa cha plastiki, nikaita orodha. Nikafika kwa Mtoro. "Nimesikia," akasema mzee, akasimama kabisa kama anaapishwa. Ilikuwa zamu yangu. Nikasema nimesikia. Mama hakuulizwa, kwa kuwa msindikizaji haitwi kwenye orodha. Mzee akapiga mstari kwa rula, akaandika kwa wino mwekundu, kisha akawapigia simu wajukuu wote, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwigizia ule mlio wa Mtoro ambao hakuusikia. Mpishi akaja kumpa mkono. Mimi supu ilinishinda.

Siku ya tatu tulipanda vilimani. Hewa ya baridi, ukungu umekaa kwenye miti, na mzee anatembea kana kwamba magoti amekodisha mapya. Tulipopumzika alinipa fomu ya kampuni, ile ya maoni, ameshaijaza siku moja kabla. Akaniambia nisome. Iliandikwa kwa mwandiko wa ubaoni: "Masikio ya mwongozaji huyu ni hazina ya kampuni. Ndiyo yaliyonipa ndege wangu wa mia tano."

Nilisoma mara tatu. Fomu hiyo ikifika kwa Bosi, kile kiti chenye mto mwekundu nisingekiona tena maishani. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza siku mbili tu.

"Uchune," shemeji alinishauri tulipokuwa tunafunga viti. "Mzee kafurahi, wewe umepona, mbu kashiba. Nani kaumia?"

Usiku ule usingizi sikuupata. Nilikuwa nikimfikiria yule mzee na miaka yake thelathini na minne, mistari yote iliyonyooka, halafu mstari wa mwisho kabisa ni mbu. Na aliyemwekea ni mimi. Ningekuwa na uso gani wa kumfundisha mtu mwingine yeyote kwamba mezani pa orodha hatuongopi?

Asubuhi ya mwisho tulipanda njia ya juu, mahali Sindano anapokaa. Mzee alitangulia kukaa kwenye gogo, akafungua daftari afurahishe macho. Nikasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mwalimu," nikasema, "Mtoro hakuwepo."

Akaniangalia juu ya miwani.

Nikamwambia yote. Daktari na kitufe, fomu ya yule mgeni, kiti cha mapokezi, ishara, shingo, mbu. Shemeji alikuwa nyuma yangu ameshika chupa ya chai, anatazama majani kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake. Nilipomaliza nikasema naomba radhi, na kwamba fomu yake nitairudisha, maana haikunihusu.

Mzee alinikazia macho. Uso ulikuwa mkali, nikasema leo nitakiona cha mtema kuni. Kisha akachukua rula, akailaza juu ya mstari wa Mtoro, akapiga mstari mwekundu katikati yake, taratibu, bila kutetemeka. Akapuliza wino ukauke.

"Nilisema mara mbili," akasema.

"Ulisema, mwalimu."

"Na safi kabisa." Akafunga daftari. "Mbu nampongeza. Mimi ndiye nilipaswa kufukuzwa darasani. Huu ni mwaka wa tatu sisikii hawa wadogo. Niliona aibu kumwambia mtu. Nikafikiri nikifika mia tano nitaacha kwa heshima, hakuna atakayejua."

"Mimi nilijua," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Vibonge vya uzi nimeviangusha mpaka mgongo unauma."

Mzee akamgeukia. Nilidhani atasema kitu, lakini mama alinyoosha sindano moja ya kufumia hewani.

"Mkimaliza kuungama," akasema, "ndege anaimba."

Nikamwangalia shemeji. Alikuwa anavuta sikio, tena analivuta mpaka linataka kutoka, maskini, sijui alikuwa amelivuta tangu lini. "Toka dakika tano zilizopita," akasema kwa kunong'ona. "Sikutaka kuwakatiza."

Sindano. Mzee hakuwa naye. Na Sindano akishaanza kuimba hakai, anaimba dakika chache anahamia bonde lingine. Mzee akasimama, mimi nikasimama, masikio manne mabovu yanageuka huku na huku kama vifuniko vya sufuria. Nilisikia upepo na pumzi yangu.

Hapo ndipo akili ya kazi ikanirudia. "Shemeji, weka hiyo chai chini, nenda kasimame pale kwenye jiwe. Mama, wewe baki hapo hapo. Kila mmoja anyooshe mkono kule anakosikia, msijadiliane."

Shemeji akanyoosha mkono kutoka kwenye jiwe. Mama akanyoosha sindano yake kutoka kwenye kiti. Nikafuata mkono, nikafuata sindano, nikatafuta mahali vinapokutana. Vilikutana kwenye mti mwembamba wenye kuvu za kijani, tawi la tatu, kushoto. Nikainua darubini. Majani tu. Majani. Kisha jani moja likacheza na wenzake wametulia.

"Mwalimu, tawi la tatu, nyuma ya ua lililokauka. Usiharakishe."

Nilimwona. Ni kadogo, hakazidi urefu wa kidole cha kati, koo la njano. Kalikuwa kamefungua mdomo wote, koo linatetemeka, mwili mzima umejikaza kwa ule wimbo, na kwangu kimya. Nimewahi kumsikia huyo ndege mara mia na sikuwahi kumtazama akiimba, kwa sababu nilipokuwa na masikio sikuona haja. Machozi yakanitoka ndani ya darubini, kioo kikaingia ukungu, nikakifuta kwa pindo la shati haraka nisimkose.

"Nimemwona," mzee akasema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya mwalimu mkuu hata kidogo. "Nimemwona, Mama. Anafanyaje? Anasemaje?"

Mama aliinuka kwenye kiti, akaja akamshika mkono. Akamgonga kiganjani kwa ncha ya kidole, haraka haraka, kisha polepole, kisha haraka tena, kama ndege alivyokuwa anaimba. Mzee hakutoa jicho kwenye darubini mpaka kandege kakaruka.

Orodha ya mwisho tuliiita mchana, kabla ya kuondoka, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni. Shemeji alikuwa anaelekea kwenye gari kama kawaida yake. Nikamwambia arudi avute kiti. Akakaa pembeni ya meza kama mtu aliyeitwa polisi.

Nikasoma. Nilipofika kwa Sindano nikasema, "Nimeona. Sikusikia."

"Nimeona," mzee akasema. "Sikusikia." Akapiga mstari, akaandika mia tano, safari hii hakusimama.

"Nani kasikia?" nikauliza.

Mikono miwili ikanyanyuka, wa dereva na wa mama. Walinyanyua kidogo tu, kwa wasiwasi, kama watoto wasio na hakika kama swali ni lao.

Mzee aliitazama ile mikono. "Mama," akasema, "wewe unao wangapi?"

"Ndege?"

"Ndege."

"Hukuwahi kuniuliza," mama akasema. "Ningehesabu."

Mzee akafungua daftari upande wa nyuma, penye karatasi tupu, akapiga mstari juu kwa rula. Akaandika jina la mkewe, jina lake hasa la kuzaliwa, si Mama. Chini yake akaandika moja, Sindano, nimesikia. Kisha akamsogezea kalamu nyekundu, na yule bibi akaweka sweta pembeni kwa mara ya kwanza tangu tuonane.

Nikataka kuichana ile fomu ya maoni, mzee akaninyang'anya. Alikata maneno kwa rula, akaandika mengine juu yake, akatia sahihi. Mimi mwenyewe niliipeleka kwa Bosi, nikasimama mbele ya meza yake huku kile kiti chenye mto mwekundu kikinitazama ubavuni. Ilisomeka hivi: "Masikio ya dereva huyu ni hazina ya kampuni. Macho ya mwongozaji nayo. Msiwatenganishe."

Bosi aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akaisoma tena.

"Kwa hiyo husikii," akasema.

"Sauti za juu, hapana. Nilipaswa kukwambia."

"Na dereva anasikia."

"Kila kitu."

Aliikunja ile fomu, akaitia kwenye droo. Akatazama kalenda ya ukutani. "Kuna wageni sita Jumatatu," akasema mwishowe. "Mwambie shemeji yako ashuke kwenye gari."

Nilikwenda kumwambia siku hiyo hiyo. Njiani nilipita duka la dawa, nikamnunulia mafuta ya mbu.